Vidonge vya vimeng'enya vya kushikisha ngozi iliyopandikizwa: nyota moja kati ya tano

Chupa hii ya vidonge 60 ililetwa wodini na ndugu yangu, aliyeinunua kwa shilingi 65,000, siku moja baada ya mimi kupandikizwa ngozi kwenye muundi ulioungua kwa mafuta ya kukaangia. Lebo yake inaahidi kwamba vimeng'enya vilivyomo, yaani vichocheo vya kikemia vya mwili, hasa kiitwacho superoksaidi dismutasi, huzuia mchochota (uvimbe na wekundu wa kidonda) na kuifanya ngozi ishike upesi. Kifuniko ni imara na vidonge havina harufu. Sifa zinaishia hapo.

Sayansi iliyoazimwa na lebo ni ya kweli. Ngozi iliyochunwa pajani hubaki bila damu, na kwa siku moja au mbili za mwanzo huishi kwa kufyonza majimaji ya kidonda. Damu inaporudi kupitia mishipa midogo inayounganika upya, huzalisha pia aina kali za oksijeni ambazo hushambulia seli na kuzidisha uvimbe. Superoksaidi dismutasi, ambayo kazi yake ilitambuliwa na wanasayansi McCord na Fridovich mwaka 1969, huigeuza superoksaidi, mojawapo ya aina hizo kali za oksijeni, kuwa haidrojeni peroksaidi, kisha kimeng'enya kingine, katalasi, huigawa hiyo kuwa maji na oksijeni. Aliyewahi kumwagiwa peroksaidi kwenye kidonda ameiona katalasi kazini, kwani lile povu jeupe ni oksijeni inayotoka.

Kasoro ni njia ya kuvifikisha. Kimeng'enya ni protini, na protini ikimezwa husagwa tumboni kama maharage ya mchana, wala lebo haisemi popote kwamba vidonge vimefunikwa kwa kitu cha kuvikinga na asidi. Vimeng'enya vinavyoilinda ngozi hutengenezwa ndani ya seli zenyewe, kwa protini, shaba na zinki ambazo sahani ya maini ingenipa kwa bei ndogo zaidi.

Siku ya tano sista alifungua bandeji. Kiraka kilikuwa cha waridi na kimeshika, isipokuwa pembe moja, upana wa sarafu, iliyokuwa nyeusi kwa sababu damu ilijikusanya chini yake na kuitenga ngozi na kidonda. Akaikata kwa mkasi, nami sikuhisi chochote. Hapo hata kimeng'enya halisi kisingefaa kitu, maana mishipa haikuwa na pa kupitia. Vidonge 52 bado vimo chupani, na duka limekataa kuvipokea.