Kisanduku cha kadi chenye vyumba vitano: nilichokiona kwa miezi minne

Nilikinunua nilipokuwa najiandaa kurudia mtihani wa mwisho wa sekondari. Mara ya kwanza nilisoma kama tunavyosoma wengi: kurudia daftari lile lile, kupaka rangi ya njano kila mstari mpaka ukurasa unawaka, na kukesha wiki ya mwisho. Matokeo yalinijibu.

Ndani hamna maajabu. Kasha la karatasi ngumu, vigawanyo vinne, na kadi tupu 300. Utaratibu wenyewe ni wa Sebastian Leitner, mwandishi wa habari za sayansi aliyeueleza kwa Kijerumani mwaka 1972. Swali mbele, jibu nyuma. Ukipata, kadi inasogea chumba kinachofuata. Ukikosa, hata kama ilishafika cha tano, inarudi cha kwanza. Mimi cha kwanza nilikipitia kila siku, cha pili kila baada ya siku mbili, cha tatu kila wiki, na vya nyuma kwa nadra zaidi.

Wiki ya kwanza nusura nikirudishe. Kadi yangu ya osmosisi, yaani maji kupenya utando kutoka myeyusho mmoja kwenda mwingine, ilikuwa na mistari tisa. Naigeuza, naona maneno niliyoyazoea, najiambia "hii naijua", naisogeza. Uongo mtupu. Nikaichana, nikaandika tatu: Kinachosafiri ni nini? Kinapenya wapi? Kinatoka upande upi kwenda upi? Ya tatu ndiyo iliyoniumbua. Nilijibu bila wasiwasi kwamba maji yanatoka kwenye myeyusho mzito kwenda mwepesi. Kumbe ni kinyume chake, na kosa hilo hilo ndilo nililoliandika kwenye mtihani ule nilioshindwa. Daftari lilikuwa sahihi muda wote, na nilikuwa nimelisoma mara sijui ngapi.

Baadaye nikakuta kwamba watafiti wa saikolojia Roediger na Karpicke walilipima jambo hili mwaka 2006. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Baada ya wiki, waliojipima kwa kujaribu kukumbuka ndio waliokuwa mbele. Sasa mtihani wa nani unafanyika dakika tano baada ya kufunga daftari?

Lawama zangu ziko kwa mtengenezaji. Kadi ni nyembamba, wino wa kalamu unapenya, jibu linakuchungulia kabla hujaigeuza. Kwa bidhaa ambayo kazi yake yote ni kuficha jibu, hilo ni kosa kubwa. Nikahamia penseli. Vigawanyo navyo vilichanika mwezi wa pili, nikakata vingine kwenye boksi la viatu. Vinadumu hadi leo.

Kwa hesabu, usikitegemee. Kadi ilinikumbusha kanuni, lakini kuitumia nilijifunza kwa kukokotoa maswali ya mitihani iliyopita huku saa ikiwa mezani. Insha vivyo hivyo: kadi inakupa mwaka 1884 wa kuanza kwa Mkutano wa Berlin, haikupi hoja.

Nyota nne kwa utaratibu, mbili kwa karatasi. Mwenye mkasi na boksi anaweza kujitengenezea. Mdogo wangu alikuja kukiomba pamoja na kadi zote zilizoandikwa. Nimempa kisanduku na penseli. Kadi aandike zake. Za kwangu zimejaa makosa yangu, yeye ana ya kwake.