Duka la vifaa vya fizio mitumba, Tudor, Mombasa: makaratasi safi, delivari hapana

Mamangu alipata stroki na fizio anamfanyia mazoezi nyumbani, basi nikaingia hili duka kutafuta kitanda cha fizio na mashine ya TENS (ile ya kutuliza maumivu kwa stima ndogo kupitia ngozi), mitumba kwa sababu mpya bei yake hata sisemi. Kilichonifurahisha ni makaratasi, wallahi. Jamaa hakuandika "mashine 1 imelipwa" kama wengine, aliandika modeli, seriali namba, mwaka ilotengenezwa, hadi ngozi ya kitanda ilochanika upande wa miguu, na picha akapiga mbele yangu akanitumia WhatsApp, kisha sote wawili tukatia sahihi, na risiti ya eTIMS (ile ya kodi, ya KRA) ikatoka bila kubembelezana. TENS yenyewe ilitoka Marekani, chaja yake ya volti 120 na stima yetu ni 240, akaliandika hilo pia na kunipa transfoma. Akauliza kama mamangu ana pesimeka (kile kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo), maana mwenye pesimeka haekwi TENS hivi hivi. Waranti ilikuwa ya mdomo, nikamwambia andika, akachekacheka halafu akaandika mwezi mmoja (si haba). Delivari sasa! Mkokoteni umefika saa za magharibi, jua lishatua, na mguu wa kitanda wacheza. Nyota nne.