Stabilaiza ya nyuma kwenye pikipiki ya touring: mtetemo unaongezeka? Uzoefu wangu

Wenye haraka nawapa jibu kabisa: stabilaiza, yani kile kirodi cha kuzuia injini isiyumbe pembeni, ikifungwa vibaya mtetemo unaongezeka, tena sana, na msikubali mtu awaambie eti mnajihisi tu. Mimi nimeambiwa hivyo usoni na jamaa wa kaunta kwenye gereji moja kubwa hapa Houston, na mpaka leo nikikumbuka damu inachemka.

Pikipiki ni Harley Road King, ya kabla hawajabadilisha fremu 2009. Wanaozijua wanajua injini ya hizi touring, yani za safari ndefu, inakalia raba, toka ile modeli ya FLT ya 1980, na swingamu, ule mkono unaoshika tairi la nyuma, haijashikwa kwenye fremu moja kwa moja, imeshikana na giaboksi, yani tairi la nyuma na injini vinatembea pamoja juu ya raba. Raha yake safari ndefu mwili hauchoki. Shida ni raba zikichoka, ukikata kona ndefu na spidi au lori likikupita na upepo wake, nyuma inaanza kucheza kushoto kulia. Na mimi napenda sana zile kona za Hill Country, vilima vya hapa Texas, barabara ya Ranch Road 337 pale kati ya Vanderpool na Leakey, upande mmoja mwamba upande wa pili bonde, tairi la nyuma likianza kukuchezea kule huna pa kukimbilia.

Ndo nikaamua kufunga stabilaiza. Ni kirodi kifupi chenye boljointi ncha zote mbili, kama tairodi ya gari, upande mmoja kinashika fremu na mwingine chini ya giaboksi. Kazi yake kuzuia injini isiende pembeni, ila juu chini na mbele nyuma inaachwa icheze, maana V-twin, injini ya silinda mbili zilizokaa kama V, ya nyuzi 45 inatikisika zaidi huko huko. Kwa hiyo kikikaa vizuri hakitakiwi kuleta mtetemo wa maana. Kabla sijalipa nikauliza kabisa, jamaa akasema hutasikia chochote.

Nimetoka getini hata barabara kuu ya I-10 sijaifikia, nyayo zinawasha kwenye vibao vya kukanyagia. Kufika spidi ya maili 65 kwa saa hivi saitimira yote ukungu, lori lililo nyuma silitofautishi na gari dogo, viganja vimekufa ganzi. Nikageuza. Yule jamaa hata kunyanyuka hakunyanyuka, anatafuna chakula chake huku ananiambia hiyo ni Harley zote zinatetemeka, labda wewe umezoea vipikipiki vya kwenu. Vya kwenu! Pikipiki nimeendesha miaka, mtetemo wake naujua kuliko yeye aliyeiona siku ile ile, halafu ananiletea habari za kwetu. Nikamwomba basi aiinue tu aangalie kile kirodi, akasema kukagua ni hela nyingine. Kazi mmefanya nyie, halafu nilipie tena kuikagua, hii biashara gani jamani?

Nikaenda kwa mzee mmoja wa Kimeksiko mwenye gereji ndogo nyuma ya nyumba yake. Huyu hakuuliza natoka wapi. Akalala chini na tochi, akashika kirodi katikati akajaribu kukizungusha kwa vidole, hakisogei. Akaniita nione. Kikiwekwa sawa kinatakiwa kigeuke kidogo kwenye boljointi zake, changu kilikuwa kinaivuta giaboksi kwenda kulia, raba ya upande ule imebanwa mpaka imetokeza nje. Alipotoa bolti, giaboksi ikarudi upande wake na matundu hayaonani tena. Yani walilazimisha ikae kwa mtaimbo halafu wakakaza! Injini ikishavutwa hivyo raba hazina kazi tena, mtikisiko wote unapita kwenye chuma unaingia kwenye fremu, na wewe umekaa juu yake.

Mzee akaisimamisha wima uzito ukae kwenye matairi, akalegeza bolti za raba ya mbele, akawasha injini ijitikise ikae yenyewe, akazima, ndo akarekebisha urefu wa kirodi taratibu mpaka bolti ikaingia kwa kidole bila kusukumwa. Hiyo raba ya mbele ya injini alikuta imepasuka akaweka mpya, kwa hiyo siwezi kuapa nafuu niliyopata ni kirodi kiasi gani na raba kiasi gani. Ila wale wa kwanza hawakuitazama kabisa, na mtu wa kuuza stabilaiza bila kutazama raba za injini mimi simwiti fundi.

Nilikuwa nimeshaapa kumwambia kila mtu asinunue kitu hiki. Nimebadilika. Nimerudi kule 337 na tairi la nyuma linafuata la mbele kona mpaka kona, maili 70 kwa saa kwenye haiwei viganja vizima, sikitoi hata unipe hela. Lakini nikisimama kwenye taa injini ikiwa inanguruma chini kabisa, kuna katetemeko kwenye vibao ambako zamani hakakuwepo, kadogo lakini kapo, kwa hiyo anayekwambia haiongezi hata chembe usimwamini. Na kama unazunguka mjini tu, anza na raba kwanza, huenda usihitaji kirodi chenyewe.

Hela ya ufundi nimewadai wale wa gereji ya kwanza, wananizungusha tu, mara meneja hayupo mara niandike tena. Mlio Houston mkitaka kujua ni gereji gani nitafuteni inboksi kabla hamjapeleka pikipiki zenu.