Mandharinyuma ya kampuni kwenye Zoom na Teams: njia tatu, na ipi inafaa ofisi yako

Kampuni ikitaka wafanyakazi wake waonekane mikutanoni na picha moja yenye nembo, jambo la kwanza linalofanyika ni kutuma picha kwa barua pepe na kumwomba kila mtu aipakie mwenyewe. Matokeo yanajulikana: wengine hawaweki kabisa, wengine wanabaki na nembo ya zamani. Kazi hii inatakiwa kufanywa kutoka sehemu moja, na hapa tunapima njia tatu za kuifanya.

Zoom ndiyo nyepesi kuliko zote. Msimamizi anaingia kwenye tovuti ya Zoom, anafungua Account Settings, kisha Meeting, anashuka hadi Virtual Background na kupakia picha. Hapo hapo anaweza kuwazuia watumiaji wasiweke picha zao au video, kisha akabofya kifuli ili mpangilio huo usibadilishwe na mtu mwingine. JPG ya pikseli 1920 kwa 1080 inatosha. Malalamiko ya "mimi sijaiona" karibu yote yana sababu moja: mtumiaji amefunga dirisha tu, ilhali anatakiwa kutoka kwenye akaunti na kuingia tena. Anayejiunga na mkutano bila kuingia kwa akaunti ya kampuni hatazipata picha hizo. Kwa kampuni inayotumia Zoom, hakuna haja ya kutafuta njia nyingine.

Kwa Teams, njia rasmi ni leseni ya Teams Premium. Picha zinapakiwa Teams admin center, chini ya Meetings, kwenye Customization policies: hadi 50, za PNG au JPEG, zisizopungua pikseli 360 kwa 360 wala kuzidi 3840 kwa 2160. Kazi ni safi, na kubadilisha nembo ni dakika chache. Tatizo ni gharama. Ilipotoka Februari 2023 bei iliyotangazwa ilikuwa dola 10 kwa mtu kwa mwezi, juu ya leseni ya kawaida. Kwa bei hiyo, ofisi ya watu 80 inalipa dola 9,600 kwa mwaka. Kama Premium inanunuliwa kwa sababu nyingine, tumieni huduma hii bila kusita. Kuinunua kwa ajili ya picha za nyuma peke yake ni kupoteza pesa.

Njia ya tatu ni bure: kunakili faili moja kwa moja kwenye folda ya Teams ya kila mtumiaji. Inafanya kazi vizuri, lakini ina mitego. Kwenye Teams mpya ya Windows folda ni hii:

%LocalAppData%\Packages\MSTeams_8wekyb3d8bbwe\LocalCache\Microsoft\MSTeams\Backgrounds\Uploads

Maelekezo mengi ya zamani yanataja %AppData%\Microsoft\Teams, ambayo ni ya Teams ya awali. Ukiweka picha huko, Teams mpya haitaziona. Folda yenyewe inaweza isiwepo kama mtumiaji hajawahi kufungua Teams, kwa hiyo skripti (faili ya amri inayonakili picha) iitengeneze kwanza.

Majina ya faili ndiyo yanayowakwamisha wengi. Teams ya awali ilipokea jina lolote. Mpya inataka jina la GUID, ile namba ndefu ya herufi 36 pamoja na vistari, na kando yake kijipicha chenye jina hilo hilo likifuatwa na _thumb. Kijipicha kiwe cha pikseli 280 kwa 158. Yaani kila picha ni faili mbili. Faili inayoitwa nembo-mpya.jpg utaiona ndani ya folda lakini Teams haitaionyesha.

GUID hizo zitengenezwe mara moja tu, kisha zibaki zile zile kwa kila kompyuta. Skripti inayoita New-Guid, yaani amri ya kutengeneza GUID mpya, kila inapoendeshwa itaongeza nakala mpya ya picha ile ile kila mtu anapowasha kompyuta. Jina likiwa moja, nakala mpya inafuta ya zamani, na siku nembo ikibadilika unabadilisha picha bila kugusa jina.

Kwa wanaotumia Intune, huduma ya Microsoft ya kusimamia kompyuta za kampuni, skripti kwa kawaida inaendeshwa kama SYSTEM, akaunti ya Windows yenyewe, na hapo %LocalAppData% inaelekea C:\Windows\System32\config\systemprofile badala ya folda ya mtumiaji. Ripoti itasema imefanikiwa, na picha hazipo. Chagua iendeshwe kwa utambulisho wa mtumiaji aliyeingia. Pia Intune huiendesha skripti ya kawaida mara moja tu ikishafanikiwa, ilhali mtu akiweka upya Teams au akifuta LocalCache, picha zinaondoka nayo. Skripti ya kuingia kwenye domeni (mtandao wa kampuni), inayorudia kila mtu anapoingia asubuhi, ni ya kuaminika zaidi.

Angalia na sera ya mikutano ya Teams: mpangilio wake wa VideoFiltersMode, unaoamua mandharinyuma zipi zinaruhusiwa, ukiwa BlurAndDefaultBackgrounds, picha hizi zinahesabiwa kuwa za mtumiaji na hazitatumika, kwa hiyo uubadilishe uwe AllFilters. Kumbuka pia kwamba picha za folda hazifiki kwenye simu wala kwenye kivinjari.

Kabla ya kuwaahidi mabosi, kagueni mashine. Teams inahitaji prosesa yenye AVX2 (uwezo wa kufanya hesabu nyingi kwa mpigo) ili kubadilisha picha ya nyuma, na kwa Intel Core hiyo ilianza na kizazi cha nne, mwaka 2013. Kompyuta za mtumba zenye i5 ya kizazi cha pili au cha tatu bado ni nyingi maofisini kwetu, na hizo hazitafanya hata mkifuata kila hatua.

Kuhusu picha yenyewe, nembo ikae kona ya juu. Katikati kichwa kinaifunika, na chini kushoto Teams huandika jina la mtu. Maandishi membamba huyeyuka video inapobanwa kwa intaneti dhaifu, kwa hiyo jina la kampuni kwa herufi nene linatosha. Acheni kaulimbiu na namba za simu. Na mtumiaji akipiga simu kwamba maandishi yamegeuka, mwambieni anajiona kama kwenye kioo. Wenzake wanayasoma sawasawa.