Grili za madirisha: skwea paipu, flatibaa na nondo ya mraba zikipimwa kwa mzani

Karakana nyingi za kando ya barabara Dar es Salaam hutanguliza mbele grili yenye maua mengi na kuiacha nyuma ile iliyonyooka. Mteja anachagua ua, anauliza bei, analipa nusu na kuondoka. Unene wa chuma hajauliza, wala grili itashikaje ukutani, na mwizi anaanzia hapo hapo.

Tuchukue dirisha la kawaida la chumba cha kulala, upana sm 150 na urefu sm 120. Linataka nondo 14 za kusimama, sm 10 kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine. Nafasi inayobaki ni chini ya sm 9: kichwa cha mtoto hakipiti, na jeki ya gari haipati kirahisi pa kukaa katikati ya nondo mbili. Fundi akipendekeza sm 15 "kwa ajili ya hewa", kataa. Hewa haipungui kwa nondo tano zaidi, chuma ndicho kinachopungua.

Skwea paipu, yaani bomba la mraba lenye uwazi ndani, ya mm 20 kwa 20 ndiyo inayouzwa zaidi siku hizi, nayo ina sifa yake ya kweli. Ukiisukuma ili ipinde, hata ile yenye ukuta (unene wa bati lake) wa mm 1.2 ni ngumu karibu mara tatu kuliko nondo ya mraba ya mm 12 isiyo na uwazi. Fundi anayesema haipindi kirahisi hakudanganyi. Udhaifu wake uko kwenye msumeno na kutu. Msumeno wa chuma ukila mm 1.2 tu umeshatokea kwenye uwazi, na kutoka hapo unakata kuta nyembamba hadi upande wa pili. Maji yakiingia kwenye ncha iliyoachwa wazi, paipu huoza kutoka ndani huku rangi ya nje ikimetameta. Unagundua siku kidole kinapozama. Ukiitaka kwa dirisha, iwe ya ukuta wa mm 2, na kila ncha izibwe kwa weldi inayozunguka pande zote nne. Kwa fremu ya mlango au geti, ambako uzito unasumbua bawaba, paipu ya mm 40 kwa 40 yenye ukuta wa mm 2 inafaa sana.

Flatibaa, yaani ukanda bapa wa chuma, ya mm 25 kwa 3, ile inayokunjwa maua, inapinda kwa mikono miwili ukiisukuma upande wake mpana. Iwe pambo juu ya nondo, kamwe isiwe grili yenyewe. Nondo ya ujenzi yenye mikunjo ni ngumu, lakini rangi inakuwa nyembamba kwenye vilele vya mikunjo na kutu huanzia hapo hapo.

Chaguo letu ni nondo ya mraba ya mm 12 iliyojaa, ikipita kwenye matundu ya flatibaa mbili za kulala za mm 25 kwa 5. Neno "ikipita" lina uzito. Nondo iliyopachikwa juu ya flatibaa kwa weldi peke yake, weldi ikiachia, nondo imeachia. Iliyopita kwenye tundu haichomoki hata weldi moja ikivunjika, maana ncha zake bado zimeshikwa na fremu juu na chini. Flatibaa mbili zinagawa urefu wa sm 120 katika vipande vya sm 40, na kipande kifupi ni kigumu kupanuliwa. Fundi atalalamika kwamba kutoboa matundu 28 kunachukua muda. Ni kweli, na hiyo ndiyo kazi unayomlipa.

Hesabu ya vifaa ni nyepesi. Nondo ya mraba huuzwa kwa urefu wa mita 6, na moja inatoa vipande vitano vya sm 119, diski ya grainda ikila kidogo kila mkato. Nondo tatu zinatoa vipande 15: 14 vya dirisha na kimoja cha akiba. Nondo 14 zilizosimama zina uzito wa kilo 19 hivi. Kwa skwea paipu ya mm 1.2, zile zile zingekuwa kilo 12 hivi. Ukiongeza fremu ya flatibaa ya mm 40 kwa 4 na zile mbili za kulala, grili nzima inakaribia kilo 29. Beba mzani. Grili inayodaiwa kuwa ya nondo ya 12 ikisoma kilo 22, kuna kitu kimepunguzwa.

Na mara nyingi kimepunguzwa dukani, kabla hata ya kufika kwa fundi. Nondo inayoitwa ya 12 inaweza kuwa mm 10.5 ukiipima kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene. Ya 12 kamili yenye mita 6 ina kilo 6.8, ya 10.5 ina kilo 5.2 tu. Mm moja na nusu inaonekana ndogo, lakini uwezo wa kuhimili kupindwa unashuka hadi karibu theluthi mbili.

Nenda ukaione grili kabla haijapakwa rangi. Sharti hili liandikwe kwenye risiti ya malipo ya awali, kwa sababu rangi ikishapita huoni kitu. Weldi nzuri inafuata kiungo chote kama magamba ya samaki yaliyolaliana. Mbaya ni nukta moja mbele, nyuma hakuna kitu, au ina vitundu kama maandazi kwa sababu vijiti vya kuchomelea vilikaa kwenye unyevunyevu. Gonga kila kiungo kwa nyundo ndogo: ganda la weldi lidondoke lote, maana likipakwa rangi litabanduka pamoja na rangi yenyewe. Kwaruza kwa msumari sehemu yoyote laini kupita kiasi. Ikitoka unga badala ya kung'aa, hiyo ni puti ya bodi za magari iliyotumika kuziba pengo.

Ukutani ndiko grili nyingi nzuri zinakoharibikiwa. Skrubu na plagi za plastiki mara nyingi zinashika lipu tu, na mtaimbo mmoja unang'oa zote. Kama nyumba bado inajengwa, fremu iwe na masikio ya chuma yanayoingia ukutani sm 10, mawili au matatu kila upande, yamwagiwe zege kabla ya lipu. Kama nyumba imekwisha, tumia boliti za kutanuka za mm 10 kwa 100, sm 7 kutoka ukingo wa tofali. Karibu zaidi ya hapo tofali linapasuka boliti inapokazwa, na linaendelea kuonekana zima mpaka siku linapovutwa. Nati zikishakazwa zipigwe weldi zisifunguke kwa spana, kisha sehemu zilizoungua zipakwe praima siku hiyo hiyo. Usiruhusu fremu igusane na dirisha la aluminiamu. Penye hewa ya chumvi, metali mbili zikigusana aluminiamu huliwa taratibu. Acha sm 1 au weka mpira.

Rangi ipakwe kabla ya kufunga, kwa sababu mgongo wa fremu ukishalala ukutani haufikiki tena. Brashi ya waya hadi chuma king'ae, futa mafuta kwa thina, praima ya kuzuia kutu mikono miwili (yaani mipako miwili), kisha rangi ya mafuta mikono miwili. Chuma cha grili hii kina eneo la kupakwa rangi la mita ya mraba moja na nusu hivi, hivyo lita moja ya rangi inatosha mikono miwili ya madirisha matatu. Kigamboni au Msasani tafuta praima yenye zinki. Dodoma, ambako hakuna chumvi hewani, ya kawaida inadumu vizuri.

Milango ina mambo yake. Grili ya mkasi, ile ya kukunja, inafaa duka au korido, lakini ribiti zake, yaani pini zinazounga vipande, ni nyingi na kila moja ni mlango wa mwizi. Reli yake ya chini isiposafishwa mchanga, inakwama. Mlango wa bawaba ni bora nyumbani. Bawaba zikiwa tatu za kuchomea na pini zake zote zinatazama juu, mlango unanyanyuliwa na kutoka bila kugusa kufuli, hivyo moja igeuzwe chini. Kufuli likae ndani ya kiboksi cha bamba la mm 3, mkono wa nje usifike.

Matunzo hayachukui nusu siku: kabla ya masika na kabla ya vuli, kagua flatibaa ya chini na viungo vyake, kwani maji hutuama hapo. Kutu ndogo ikwanguliwe hadi chuma cheupe, ipakwe praima kabla jua halijazama. Pwani, osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila mwezi. Kufuli litiwe mafuta ya cherehani. Oili chafu ya gari inakusanya vumbi na kukwamisha pini.

Kuna jambo moja ambalo karakana nyingi hazilitaji usipouliza: kila chumba cha kulala kiwe na grili yenye kipande kinachofunguka, upana sm 55 na urefu sm 100 angalau, kwa ajili ya moto. Chuma kinachomzuia mwizi kinamzuia pia mtoto aliye ndani moshi ukijaa. Kipande hicho kiwe na bawaba na kufuli kwa ndani, ufunguo utundikwe kwenye msumari ambao mkono wa nje haufiki lakini mtoto wa miaka minane anaufikia. Kila mwezi azimiwe taa, aufuate, afungue mwenyewe. Akishindwa kuzungusha ufunguo, lipake kufuli mafuta au libadilishe siku hiyo hiyo.