Mafunzo ya walinzi na spreyi ya pilipili, Mtwara mjini: kilichofaa na kisichofaa

Nianze na bei, maana najua ndiyo itakayoulizwa kwanza. Mafunzo shilingi 60,000 kwa kichwa, siku mbili, chai na chakula cha mchana humohumo. Spreyi ya pilipili 35,000. Kirungu cha mpira 20,000. Tochi ya shoti, ile ya kumpiga mtu umeme, 45,000, na hiyo tochi nitaisema vibaya huko mbele, kwa hiyo mwenye haraka ajue tu kwamba asiinunue.

Mimi nasimamia ghala la korosho. Msimu ukifunguliwa Oktoba, magunia yanashuka kutoka Newala, Tandahimba na Masasi, malori yanapanga foleni mpaka usiku, na nje ya geti panajaa watu: makuli wanaongoja kuitwa, mama lishe, bodaboda, na vijana ambao hawangoji chochote. Walinzi wangu wengi wamepitia mgambo. Bunduki ipo moja tu, ya kampuni ya ulinzi tuliyoingia nayo mkataba, na kusema kweli hiyo bunduki inaninyima usingizi kuliko wezi. Wizi wenyewe ninaoujua mimi ni mtu ametoboa gunia kwa kijiti, amejaza mifuko ya suruali, anatoka geti dogo huku anapiga mluzi. Huyo unampiga risasi ya nini? Lakini kati ya kumfokea na kumfyatulia risasi, walinzi wangu hawakuwa na kitu kingine chochote mkononi. Ndiyo maana nikalipa.

Waliotufundisha ni kampuni moja inayouza vifaa vya ulinzi na kutoa mafunzo. Mwalimu wao alikuja kutoka Dar es Salaam, polisi mstaafu, na walinzi wakamwita Afande tangu salamu ya kwanza mpaka cheti cha mwisho.

Siku ya kwanza asubuhi hakuna aliyegusa kifaa. Ni maneno, kusimama na mikono. Wapo walionuna, walikuja wakitegemea kupuliza na kupiga. Afande akajifanya kuli mlevi anayetaka kuingia ghalani kudai ujira wake, akamwita kijana wetu mmoja amzuie. Kijana akafanya tunavyofanya siku zote: kifua mbele, kidole usoni, "We! Toka hapa!" Afande akapandisha sauti, kijana naye akapandisha, ndani ya dakika moja wameshikana mashati. Kisha akaitwa mzee wa geti kubwa. Mzee hakwenda usoni kwake. Alisimama ubavuni kidogo, mikono wazi usawa wa tumbo, akasema, "Mjomba, jua kali hili. Sogea huku kivulini unieleze, nani hajakulipa?" Akatangulia yeye kivulini. Afande akabaki hana maneno, akacheka, ukumbi mzima ukapiga makofi.

Kilichonipendeza ni kwamba hakuishia kusifu. Alimrudisha mzee pale pale akatuchambulia: umbali wa hatua mbili, ili mtu akirusha ngumi uione inakuja. Mwili umekaa upande, hautishi na hausukumiki. Swali linalomfanya mlevi afikirie jibu. Na kubwa kuliko yote, kumtoa mbele ya watazamaji, kwa sababu mlevi akizungukwa na watu hawezi kurudi nyuma bila kuaibika. Yale mambo mzee alikuwa anayafanya miaka yote bila kuyaita chochote. Sasa vijana wameyaona kipande kwa kipande. Kwa saa hizo peke yake ningelipa tena elfu sitini.

Mchana ikaja spreyi. Ndani yake kuna mafuta yanayokamuliwa kwenye pilipili, na kinachowasha ni kilekile kinachowasha mezani, ila kimekolezwa mno. Ikimpata mtu machoni, macho yanafumba yenyewe, kamasi zinatiririka, kikohozi, na ukali wake unaweza kuchukua nusu saa au zaidi kupungua. Afande akaeleza vizuri kwamba haimkati kila mtu nguvu palepale, na mlevi au mwenye hasira kali anaweza kuendelea kukujia na macho yake yamefumba. Mwenye pumu inaweza kumpeleka pabaya. Akasema pia kwamba silaha za namna hii zinapunguza hatari ya kuua, haziiondoi, na mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2020 umeandikwa kwa kukubali hilo.

Chupa zao ni za aina mbili: inayotoa ukungu na inayotoa mchirizi kama bastola ya maji ya watoto. Ya ukungu ni rahisi kulenga, lakini upepo unaibeba. Na hapa ndipo mgeni alipotuonyesha ugeni wake. Ilikuwa Agosti, kusi linavuma kama ilivyo kawaida yake, tuko uwanja wa wazi upande wa Shangani. Afande akatupanga mstari tukiukabili upepo. Mlinzi mmoja, mtoto wa mvuvi, akanyoosha mkono: "Afande, huo upepo utaturudishia." Akajibiwa asubiri maelekezo. Chupa ya maonyesho ikapulizwa, ukungu ukaenda mbele kama mita moja, ukageuka, ukatupitia sote na kutua kwenye meza ya chai. Mama wa chai akapiga chafya mfululizo huku anawaapiza kwa Kimakonde. Afande, nampa haki yake, alimwita yule kijana mbele akamwambia afundishe yeye sehemu ya upepo. Kijana akaokota mchanga, akaudondosha taratibu, akaonyesha unakoelekea. Tukajipanga upya.

Kunawa nako tulifundishwa kwa vitendo, kwa kuwa wanafunzi walikuwa tayari wanalia. Nenda penye hewa safi, usisugue macho, pepesa pepesa kope ukiwa unamwagiwa maji mengi, ngozi ioshwe kwa sabuni kwa sababu ile dawa ni mafuta. Mmoja akaomba maziwa. Afande akasema kuna jaribio lilifanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2008, wakalinganisha maziwa, shampuu ya watoto, maji na vingine, hakuna kilichowazidi wenzake. Kinachosaidia zaidi ni muda. Sisi wa Mtwara tuliokuwepo mwaka 2013, zile vurugu za bomba la gesi, moshi wa mabomu ya machozi tunaukumbuka, na niliona wazee wakinong'onezana kuhusu hilo. Tofauti ni kwamba bomu linajaza mtaa mzima, mpaka mtoto aliyelala ndani. Spreyi unamlenga mtu mmoja, upepo ukikubali.

Haya, tochi. Kwenye boksi wameandika volti milioni 10. Fundi umeme wa ghala akaigeuza geuza akacheka. Hewa, alisema, inadai kama volti 30,000 ili cheche iruke sentimita moja. Cheche ya tochi hii inaruka kati ya meno mawili yaliyoachana sentimita moja na ushee. Ingekuwa na milioni 10 kweli, ingeruka mita tatu, na yeye aliyeishika asingesalimika. Halafu wanaiuza kwa kuifananisha na TASER, ambayo ni kitu kingine kabisa. Ile iliyobuniwa na Mmarekani Jack Cover miaka ya 1970 inarusha vishale viwili vyenye nyaya. Vikinasa mwilini vikiwa vimeachana vya kutosha, misuli inakaza na mtu anaanguka. Nayo si mchezo, watu wamekufa, wengine kwa kuangukia vichwa. Tochi hairushi kitu. Mpaka umguse mtu, yaani mmeshakaribiana, na ukimgusa anaumia tu kisha anakasirika.

Ila hata ingefanya kazi nisingeinunua. Nilijaribu kukiwazia kibanda cha walinzi saa nane za usiku: kijana ameshikwa na korosho mfukoni, amekalishwa chini, na tochi ipo mezani. Hapo hakuna atakayekuwa anajikinga. Itakuwa ni "sema nani mwenzako, sema". Kifaa kinacholeta maumivu bila kuacha alama, mikononi mwa watu waliochoka na wenye hasira, sikitaki ndani ya uzio wangu. Muuzaji alipoona nairudisha mezani akashusha mpaka 30,000. Hakunielewa.

Kirungu kilipita haraka, na kwa haki. Piga paja, piga mkono wenye silaha. Kichwa, shingo, uti wa mgongo na figo usiguse. Basi. Walichokaa nacho zaidi ni kumshika mtu chini. Ukishamlaza kifudifudi na kumfunga mikono, shuka mgongoni kwake, mgeuze ubavu au mketishe, kwa sababu anakosa pumzi huku wewe unadhani anabisha. Afande akawakumbusha George Floyd, aliyeuawa na polisi huko Minneapolis, Marekani, Mei 2020, goti limekaa shingoni zaidi ya dakika 9. Kisha akagusa sheria: Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inampa raia ruhusa ya kumkamata anayetenda makosa fulani mbele yake, lakini amkabidhi polisi bila kuchelewa, na asimbane kuliko inavyohitajika kumzuia asitoroke. Hapo niliona nyuso kadhaa zikiinama. Kumlaza mwizi ghalani mpaka tajiri aje asubuhi ni desturi kwenye maghala mengi.

Upungufu mkubwa ulijitokeza siku ya pili, na aliyeufichua ni mlinzi wa zamu ya usiku. Kitabu chao chote kina picha za mtu mmoja mkorofi na askari wenye ngao. Mlinzi akauliza, "Afande, mimi kibaka nimeshamshika. Ametulia, analia. Nyuma yangu wanakuja watu hamsini na mawe na tairi. Hiyo chupa nimpulizie nani?"

Kitabu kikafungwa. Swali hilo ndilo kazi yetu halisi. Hapa kwetu sauti ya "mwizi!" ikipigwa, anayehitaji kulindwa ni mwizi. Kwenye ratiba hapakuwa na kitu, lakini Afande aliwaacha walinzi waongee wenyewe, naye akawa anauliza na kupanga ubaoni, na lile saa moja na nusu likawa zuri kuliko chochote kilichoandikwa. Wakakubaliana: aliyeshikwa aingizwe ndani na geti dogo lifungwe, asionekane. Nje abaki msemaji mmoja, mtu mzima, anayefahamika mtaani. Msemaji atafute kwenye umati sura anazozijua aziite, "Mjomba, wewe ni jirani yangu, nisaidie hapa," maana mtu akishatajwa si umati tena. Simu kituoni ipigwe na mtu wa tatu, si huyo anayeongea. Na spreyi isipulizwe kabisa kwenye kundi, kwa sababu watu wakikimbia wamefumba macho watakanyagana, na hasira yote itahamia kwenu.

Madogo madogo: wali samaki ulikuwa mzuri, vyeti vitatu vilikosewa majina na mpaka leo naahidiwa marekebisho, na chupa mbili nilizopewa kwanza zilikuwa zimefutika tarehe ya mwisho wa matumizi. Nikazikataa, zikabadilishwa bila ubishi. Chupa iliyopitwa na wakati inapoteza mgandamizo, siku ya shida inachuruzika mkononi. Nilichukua nne tu, za viongozi wa zamu, kila moja ina namba na inasainiwa kwenye daftari la lindo, na polisi niliwapelekea taarifa kabla sijazigawa. Tangu msimu umeanza hakuna iliyopulizwa. Makuli walevi wameshapelekwa kivulini wengi tu.

Ukienda kwao, omba chupa ya mchirizi, soma tarehe chini yake kabla hujatoa hela, na mapema kabisa wadai suala la umati liwekwe kwenye ratiba. Wakikwambia nafasi imejaa, watoe kile kipindi cha tochi.