Brashi ya ardhi ya Creation Kit: uzoefu wangu wa kupaka udongo wa kwetu ndani ya Skyrim

Naitumia Creation Kit, programu ya kuhariri mchezo wa kompyuta wa Skyrim Special Edition, kutengeneza modi (nyongeza ya mchezo inayotengenezwa na wachezaji) ya bonde lenye sura ya huku kwetu Kenya: mawe meusi ya Menengai, magadi meupe ya ukingo wa Ziwa Nakuru, murram nyekundu ya Kakamega, na udongo mweusi wa uwanda wa Kano ulivyopasuka wakati wa kiangazi. Programu hiyo ni ya bure kwenye Steam, duka la michezo la mtandaoni, kwa aliye na mchezo wenyewe. Kwa kazi ya kupaka tekscha (picha za uso) za ardhi naipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano imebaki kwenye mipaka ambayo dirisha lake halikuelezi popote.

Ukibonyeza H ukiwa kwenye dirisha la kutazama ulimwengu, dirisha la kuhariri ardhi hufunguka. Kitufe cha kushoto cha kipanya huinua na kushusha ardhi, cha kulia hupaka. Sasa hapa ndipo wengi hupotelea: brashi hii haipaki pikseli. Seli moja ya nje, yaani kipande cha mraba cha ulimwengu wa mchezo, ina upana wa yuniti 4096, karibu mita 58, nayo imegawanywa robo nne. Kila robo ina nukta 17 kwa 17, na kutoka nukta moja hadi nyingine ni yuniti 128, karibu mita 1.8. Unachoweka kwa brashi ni ukolezo wa tekscha, yaani inaonekana kwa kiasi gani, kwenye kila nukta. Kati ya nukta na nukta mchezo unachanganya wenyewe. Kwa hiyo kijia cha mbuzi cha nusu mita hakipakiki, hata upunguze brashi vipi. Kitatoka kipana chenye kingo za ukungu, na kikikata mshazari kitageuka msururu wa madoa. Kijia cha namna hiyo kitengeneze kama umbo la 3D ukilaze juu ya ardhi. Barabara ya mikokoteni ya mita tano au sita, hiyo brashi inaiweza vizuri sana: katikati weka ukolezo kamili, pembeni asilimia 50 hadi 60, kisha gusagusa changarawe kwa asilimia 20 bila kufuata mpango, maana murram halisi haina rangi moja.

Mpaka mgumu zaidi ni wa idadi. Robo moja hubeba tekscha sita tu, ile ya msingi ikihesabiwa. Sita zinaonekana nyingi hadi ufike ukingoni mwa ziwa: magadi, tope, mchanga, nyasi fupi, nyasi ndefu, murram, na papo hapo unataka jiwe. Robo ikijaa, tekscha mpya haishiki upande huo huku upande wa jirani ikishika, na unabaki na mstari ulionyooka kana kwamba ardhi imekatwa kwa rula. Ukiona mstari wa aina hiyo, usiongeze rangi juu yake. Weka kipanya juu ya robo yenye shida, bonyeza I, na utapata orodha ya tekscha zilizomo na kiasi cha kila moja. Mara nyingi utakuta mbili au tatu zilizobaki kwa chembe tu, masalio ya brashi iliyopita. Zifute, kisha paka tena kwa kuvuka mpaka ili nukta za pande zote mbili zilingane. Mimi hupanga tekscha nne kwa robo na kuziacha nafasi mbili wazi kwa ajili ya mipaka. Mpango huo umeniokolea kazi nyingi kuliko kingine chochote.

Nyasi nazo zina tabia yake. Tekscha ya ardhi huwa imefungwa na orodha ya nyasi, hivyo ukipaka, nyasi zinaota zenyewe mchezoni. Ukiona majani katikati ya barabara, tekscha ya nyasi bado iko chini ya murram kwa ukolezo fulani. Tumia zile zenye NoGrass mwishoni mwa jina, au tengeneza nakala yako na uondoe orodha ya nyasi. Hapo hapo chagua aina ya ardhi, changarawe au tope, kwa sababu ndiyo inayoamua sauti ya nyayo.

Kupiga picha za udongo za kutengenezea tekscha ni kazi yenyewe. Jua la saa sita huku karibu na ikweta huacha kivuli kikali chini ya kila kokoto, na kivuli hicho kikishaingia kwenye tekscha hakitoki. Subiri wingu, shika simu sambamba na ardhi, na ukwepe jiwe lolote linalovuta jicho, kwani litajirudia bondeni kote. Kuondoa mshono, pale picha inapokutana na nakala yake, natumia programu ya kuchora ya Krita: ukibonyeza W picha inajirudia pande zote huku unachora, na mshono unaufuta ukiuona. Kwenye ramani ya mabonyeo (normal map, picha inayouambia mchezo wapi pameinuka na wapi pamebonyea), Skyrim hufuata mtindo wa DirectX. Chaneli ya kijani ikiwa kinyume, nyufa za Kano zitatokeza juu kama mishipa. Chaneli ya alfa ya ramani hiyo ndiyo inayobeba mng'ao. Ikiachwa nyeupe, murram kavu itang'aa kama plastiki. Ifanye iwe karibu na nyeusi. Kwa tope la ukingoni ipandishe kidogo, kisha tia rangi ya kahawia isiyokoza kwenye nukta zenyewe, kwani dirisha lile lile lina sehemu ya rangi. Unyevu unaonekana bila kula nafasi ya tekscha.

Ukimaliza kupaka, milima ya mbali itabaki na rangi za zamani. Mchezo kwa kawaida hupakia seli 5 kwa 5 tu kukuzunguka. Zilizo nje ya hapo huonyeshwa kwa maumbo mepesi na picha zilizotengenezwa mapema, nazo lazima uzizalishe upya kwa programu ya xLODGen. Pia modi mbili zikigusa ardhi ya seli moja hazichanganywi: iliyopakiwa mwisho inashinda, na kwenye mpaka ardhi inaweza kupasuka. Ifungue orodha yako ya modi kwa xEdit, programu ya kukagua migongano ya modi, kabla ya kumpa mtu modi.

Kuhusu ukubwa, hifadhi kwa DDS (aina ya faili ya picha za mchezo) iliyobanwa kwa BC7, pamoja na ngazi zake ndogo (mipmaps, nakala ndogo za kuonekana kwa mbali). Picha ya 2048 kwa 2048 inakuwa kama MB 5.3, na ramani yake ya mabonyeo kiasi hicho hicho. Kwa laptopu za kawaida tunazochezea huku, toa na toleo la 1024, ambalo ni kama MB 1.3 kwa kila picha. Kwa murram na magadi tofauti huioni ukiwa unatembea. Kwa nyufa za udongo mweusi utaiona, hizo ziache kwenye 2048.